Mashine ikikunakili ukatokea Mars, huku ukateketea: umesafiri au umekufa?

#1 Shela_Mchanga

Wadau, salaam. Barazani Mkunguni, hapa Lamu, jambo hili lilitushinda, watu wakaondoka bila kuagana vizuri, kwa hiyo nalileta hapa.

Mwanafalsafa mmoja, Derek Parfit, aliandika mwaka 1984 kuhusu mashine ya kusafirisha watu. Unaingia kijumbani, unabonyeza kitufe, unapoteza fahamu. Mashine inasoma hali ya kila chembe ya mwili na ubongo wako, na katika kuusoma mwili inauteketeza. Habari zile zinarushwa kwa mawimbi ya redio hadi Mars. Huko mashine ya pili inaunda mwili mwingine kwa malighafi ya huko huko, usiotofautiana na wako hata kwa unywele. Anayetoka ana kovu lako la goti, anakumbuka ugomvi wako wa juzi na shemeji yako, na anasema: nimefika salama.

Mimi nasema hakuna aliyefika. Wewe umekufa Lamu, na Mars amezaliwa mtu anayedhani ni wewe. Sababu yangu imo katika sehemu ya pili ya kisa. Mashine inaboreshwa, sasa inasoma bila kuteketeza. Unatoka kijumbani mzima, unaonyeshwa kwenye skrini yule wa Mars akikupungia mkono. Kisha mhudumu anakuvuta kando: mashine imeuharibu moyo wako, zimebaki siku chache. Je, utafarijika kwamba yule wa Mars ataishi? Mimi nisingefarijika hata kidogo. Na kama hicho ni kifo wakati nakala ipo na inanipungia mkono, basi kilikuwa kifo hata pale mwanzo, ila hakubaki mtu wa kulalamika.

Anayepinga alete hoja. "Haiwezekani" si hoja. Najua leo haiwezekani.

#2 Chonjo_Malindi

Kiwanja cha kurushia tunacho huku Malindi. Waitaliano wa San Marco walirusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wenyewe. Watu wa Amu mtakuja kupandia kwetu na nauli tutaipanga sisi.

Swali langu sasa. Redio kutoka hapa hadi Mars huchukua kama dakika 3 sayari zikikaribiana, na kama 22 zikiwa mbalimbali kabisa. Dakika hizo msafiri yuko wapi? Lamu ameshateketea, Mars hajaundwa. Na mkewe aanze eda au asubiri?

#3 Kasikazi

Ningepanda kesho. Mtu ni mpangilio, si nyama. Seli zote za mwili hubadilika kila baada ya miaka saba, kwa hiyo Shela_Mchanga wa utotoni ameshateketea na kuundwa upya mara kadhaa bila kuomba msiba. Mashine inafanya kwa mara moja kile ambacho chakula kinafanya polepole.

#4 Daktari_wa_Kesho

Kasikazi, hiyo miaka saba ni hadithi ya mitaani. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, ngozi ya ndani ya utumbo hubadilika kwa siku chache tu, lakini seli nyingi za neva katika gamba la ubongo unazaliwa nazo na kufa nazo. Hili limepimwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni ya mnururisho hewani, ikaingia katika chakula, na kiasi chake ndani ya DNA ya seli huonyesha seli ilizaliwa lini. Seli za gamba la ubongo zilikutwa na umri wa mwenyewe.

Kwa hiyo ukitafuta kitu kinachobaki ndani yako tangu utotoni, kipo. Kimekaa kichwani.

#5 Kasikazi

Seli zinabaki, sawa, lakini atomu ndani ya hizo seli? Protini za ubongo huvunjwa na kujengwa tena kila siku. Nyumba inabaki mtaani, matofali yanang'olewa moja moja. Hoja yangu iko palepale, nimeihamisha tu kutoka seli hadi atomu.

#6 Fundi_Matondoni

Nimecheka sana hapo kwa eda. Mimi falsafa sijui, vyombo navijua.

Jahazi huzeeka ubavuni kwanza. Mbao zilizo karibu na maji zaliwa na wadudu, zabadilishwa. Taruma zikilegea zabadilishwa. Mlingoti ukivunjika wawekwa mwingine, na tanga ndiyo usiseme. Miaka ikipita huenda ubavuni haikubaki hata mbao moja ya kwanza, na hakuna anayesema chombo cha marehemu fulani kimepotea. Jina ni lile, watu wakikiona kikiingia Shela wakitaja kwa jina lile. Lakini mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ukitoka, hapo mimi nasema nimeunda chombo kingine, hata kama mwenyewe ataka kukiita jina la zamani.

Sasa niambieni mkuku wa mtu ni upi. Mkinambia, nami nitawambia kama huyo wa Mars amefika au hakufika.

#7 Mwl_Langoni

Fundi, bila kusoma umefika walipofika Wayunani. Plutarch aliandika kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus, wakibadilisha kila mbao iliyooza, hadi wanafalsafa wakagawanyika: ni ileile au siyo. Mwingereza Thomas Hobbes akatia chumvi mwaka 1655. Tuseme mtu aliziokota mbao zote za zamani, akaziunga upya kwa mpangilio wake. Sasa zipo merikebu mbili. Theseus akirudi apande ipi?

Halafu Shela, turekebishe jambo moja. Ukisoma post yako utadhani Parfit anadai kwamba umefika Mars. Hakudai hivyo. Alisema swali la "ni mimi au si mimi" laweza kukosa jibu kabisa, na kwamba halistahili kutunyima usingizi. Lenye uzito kwake ni kwamba kumbukumbu zako, nia zako, mapenzi yako na tabia yako viendelee kwa mtu fulani. Kwa hiyo yule mwenye siku chache ana karibu kila kitu ambacho mtu anayesafiri kwa ndege anacho. Aliandika pia kwamba alipoamini hivyo, kifo chake mwenyewe hakikumtisha tena kama zamani.

#8 Shela_Mchanga

Mwalimu, nashukuru, lakini hapo ndipo ninapomkatalia Parfit kwa moyo wote. Nikiogopa kufa siogopi kwamba tabia yangu itakosa mwenyewe duniani. Naogopa kwamba *mimi* sitaona tena. Nipewe nakala kumi, bado sitaona. Yeye anabadilisha swali kisha anasema limekwisha.

#9 Fundi_Matondoni

Mwalimu, huyo Hobbes hakuwahi kung'oa mbao. Mbao ikitoka ubavuni imekwisha, imeoza, misumari imeila. Ni kuni za kupikia wali. Hapana wa kuziunga chombo cha pili.

Lakini nimekufahamu. Walishona mtepe Unguja ukawekwa jumba la makumbusho la Beit al Ajaib, bila msumari, kwa kamba za nazi kama zamani. Fundi yeyote akiuona asema huu ni mtepe. Hapana atakayesema huu ndio mtepe wa babu yangu. Umbo ni lile, chombo si kile. Huyo wa Mars mimi namweka hapo.

#10 Binti_Pate

Mkuku wa mtu ni kumbukumbu. Mwanafalsafa John Locke alilisema mwaka 1694: tuseme roho ya mwana wa mfalme, pamoja na kumbukumbu zake zote, inaingia katika mwili wa fundi viatu. Kila mtu atakiri kwamba ni yule mwana wa mfalme, hata kama mkewe fundi viatu atamwita kwa jina la mumewe. Unachokumbuka ulikifanya wewe, ndicho chako, na ndicho utakachoulizwa Siku ya Hukumu. Wa Mars anakumbuka kila kitu. Kwa hiyo amefika.

#11 Baharia_Mstaafu

Binti yangu, nisamehe, hapo sikubali. Baba yangu mwishoni alisahau. Alinisahau mimi, akasahau kwamba aliwahi kufika Basra na Bombay, akasahau kwamba mama yetu ameshatangulia, kila siku akiuliza yuko wapi. Nilimwogesha na kumlisha mimi mwenyewe. Kwa kanuni yako nilikuwa nikimwogesha mtu mwingine. Wallahi hakuwa mwingine. Mkono wake ulikuwa bado unajua kufunga fundo la demani, na ukimpa kamba alitulia.

Ukitaka kunambia baba yangu alikufa kabla hajafa, njoo na hoja nzito kuliko hiyo ya fundi viatu.

#12 Mwl_Langoni

Mzee, pole sana. Na hoja yako ina ukoo. Thomas Reid mwaka 1785 alimpinga Locke hivi: mtoto alichapwa kwa kuiba matunda shambani. Akakua, akawa ofisa, akateka bendera ya adui, na siku hiyo alikumbuka kile kiboko. Akazeeka akawa jenerali, anakumbuka bendera lakini kiboko amekisahau kabisa. Kwa Locke, jenerali ni ofisa, ofisa ni mtoto, lakini jenerali si mtoto. Hiyo haikai.

#13 Binti_Pate

Haikai kama unataka kila kumbukumbu ifike mwisho. Ikitosha kwamba kila hatua imeshikana na iliyopita, jenerali anaunganishwa na mtoto kupitia kwa ofisa. Na baba yake mzee hakuwa ameishiwa. Kufunga fundo ni kumbukumbu pia, imekaa mkononi. Mzee Baharia, ushahidi ulioleta unanisaidia mimi.

#14 Baharia_Mstaafu

Na siku alipokuwa hawezi tena hata fundo?

#15 MamaPacha_Amu

Nyote mnazungumza kama nakala ni kitu cha Mars. Mimi ninao nyumbani, Kurwa na Doto, wa kufanana. Daktari atanisahihisha, lakini nilivyoelezwa kliniki ni kwamba walianza yai moja lililorutubishwa, na ndani ya wiki mbili hivi za mwanzo likagawanyika. Sasa kile kimoja cha mwanzo kilikwenda wapi? Hakikufa, hakukuwa na maiti. Wala siwezi kusema ni Kurwa na Doto akatokea ubavuni, maana hakuna aliye wa kwanza kati yao kwa kugawanyika. Kimoja kikawa viwili bila kifo.

Mkinambia mtu hawezi kuwa wawili, nawaonyesha.

#16 Daktari_wa_Kesho

Mama, umeelezwa sawa. Niongeze la watu wazima, maana wengine watasema kijusi cha wiki mbili bado si mtu.

Kuna wagonjwa wa kifafa kikali waliokatwa daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Roger Sperry alipata Nobel mwaka 1981 kwa kuwachunguza. Ukiuonyesha upande wa kulia wa ubongo picha peke yake, mgonjwa husema kwa mdomo hajaona kitu, huku mkono wa kushoto unakichagua kitu kilichoonyeshwa. Na kuna watoto wanaoondolewa au kutenganishwa nusu nzima ya ubongo kwa sababu ya kifafa, wakakua, wakasoma, wakacheza. Hakuna mzazi anayesema aliletewa mtoto mwingine kutoka chumba cha upasuaji.

Sasa unganisha hayo mawili. Nusu moja inatosha mtu kubaki yeye. Je, nusu ya kushoto ikipandikizwa mwili mmoja na ya kulia mwili mwingine? Kila mmoja peke yake angekuwa wewe. Wakiwa wawili, uko wapi? Mkisema umekufa, mnasema ushindi ukizidi mara mbili unakuwa kushindwa.

#17 Shela_Mchanga

Daktari, hii ni ngumu kuliko Mars, na nakiri kwamba inanisumbua zaidi, kwa kuwa hapa kitu changu halisi kimeendelea. Bado nasema Mars ni kifo. Kwa nusu za ubongo sijasema.

#18 Ustadh_Langoni

Assalaam alaykum. Mmezungumza mwili, mmezungumza kumbukumbu, roho mmeigusa kama chumvi. Mwili ni nyumba. Mama Pacha swali lake lina jibu kwetu: katika hadithi ya Ibn Mas'ud, kwa ufahamu ulio mashuhuri, roho hupulizwa siku 120. Yai limegawanyika zamani kabla ya hapo. Hakuna roho iliyokatwa vipande. Kila mmoja alipuliziwa yake.

Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitupa zoezi zuri kuliko la Parfit. Mfikirie mtu ameumbwa mara moja, mkamilifu, anaelea hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani hata kimoja. Hajui kama ana mkono. Lakini atajua kwamba yupo. Basi kinachojua kwamba kipo si mkono wala mguu.

Kuhusu mashine: itaunda mwili. Roho ni amri ya Mola, mashine haina amri. Kwa hiyo wa Mars ama ni maiti iliyo kamili, ama Mwenyezi Mungu akitaka kumpulizia, ni mja mwingine, atahesabiwa kivyake.

#19 Kasikazi

Ustadh, kwa heshima. Mapacha umewajibu. Mgonjwa wa Daktari je? Ana mkono mmoja unaojua na mdomo usiojua. Roho yake iko upande gani? Na yule anayeelea hewani wa Ibn Sina anajua yupo, lakini je, anajua ni *yuleyule* wa jana? Hilo Ibn Sina hakuliuliza pale.

#20 Ustadh_Langoni

Kijana, jicho likipofuka roho haijapofuka, imekosa dirisha. Madirisha mawili yasiyotazamana hayafanyi wenye nyumba wawili. La kuwa yuleyule wa jana, soma Sura Az-Zumar aya ya 42: nafsi huchukuliwa hata usingizini, nyingine zikazuiwa na nyingine zikarudishwa. Anayerudisha ndiye anayejua ni ya nani. Na Chonjo, kuhusu dakika zako 22, mtu aliyeteketezwa amekufa, mkewe akae eda miezi minne na siku kumi. Akija mtu kutoka Mars, aposwe upya kama wageni wanavyoposa.

#21 Chonjo_Malindi

Mahari ya pili kwa mke yuleyule! Hapo wanaume wote wa Malindi wameshuka kwenye mashine.

#22 Wakili_Mld

Niwaingize mahakamani kidogo. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangesikia habari zake huchukuliwa amekufa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ndoa na mirathi ya Waislamu iko kwa Kadhi chini ya ibara ya 170 ya Katiba. Kotekote sheria imejiandaa kwa mtu *kutokuwepo*, na kwa mtu *kurudi*. Haikujiandaa kwa mtu kuwa wawili. Hati ya kiwanja ina jina moja, na wawili wanakuja na alama za vidole zilezile.

Lakini kuna kesi ya kweli inayokaribia. Ufaransa, kijiji cha Artigat, Martin Guerre alitoroka akamwacha mke. Baada ya miaka akaja mtu anayefanana naye, anayejua majina ya jamaa, siri za nyumbani, mambo ya arusini. Mke akampokea, wakaishi miaka kama mitatu. Ukoo ukagombana kwa ajili ya mali, kesi ikafika Toulouse mwaka 1560, na mahakimu walikuwa karibu kumwachia kwa sababu alijibu kila swali. Ndipo akaingia Martin mwenyewe kwa mguu wa mti. Yule mwongo aliyemtangulia, Arnaud du Tilh, akanyongwa.

Binti_Pate, lione hili vizuri. Kumbukumbu zilikuwa *ushahidi* kwamba ni Martin. Hazikumfanya awe Martin. Mashine ya Mars inatoa ushahidi mkamilifu, na sisi tunauchukulia ushahidi kama jambo lenyewe.

#23 Binti_Pate

Wakili, Arnaud *alizisikia* zile habari akazihifadhi. Hakuzikumbuka kwa kuwa aliziishi. Wa Mars kumbukumbu zake zimetokana na ubongo wako moja kwa moja, kama zako za leo zilivyotokana na ubongo wako wa jana. Ndiyo tofauti ya mwongo na mtu. Kesi yako ni ya mwongo.

#24 Wakili_Mld

Na kama zikitumwa kwa makosa kwa watu wawili, zote "zimetokana moja kwa moja". Nani apewe shamba? Mwanafalsafa Bernard Williams aliliuliza hilo miaka ya 1950: wawili wakidai kwa haki sawa, hawawezi wote kuwa mtu mmoja, na kama mmoja peke yake angekuwa, basi kuwa kwako wewe kunategemea kama kuna mwingine chumba cha pili. Nani anakubali uhai wake utegemee hilo?

#25 MwanaGede

Huku kwetu Ugiriama mtoto hupewa jina la babu yake. Bibi humwita mjukuu "mume wangu", humtania kwa tabia za marehemu, na wengine huona kabisa kwamba kuna kitu kimerudi. Lakini marehemu kama alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wetu, kigango chake, ile nguzo ya kuchonga ya kumkumbuka, kinasimama palepale, na akihitaji jambo huja kwa ndoto kulidai. Watu wanampenda mjukuu *na* wanamhudumia marehemu. Hawachanganyi. Ndiyo maana vigango vilipoibwa vikauzwa hadi makumbusho ya Marekani, kuchonga vingine hakukutuliza mtu. Wazee walitaka vilevile virudi, na baadhi vimerudi.

Nadhani sisi twajua tangu zamani kwamba kinachofanana kina thamani yake, na kilekile kina thamani yake. Parfit anataka thamani ya kwanza iimeze ya pili.

#26 Mwl_Langoni

MwanaGede, hii sikuwahi kuiona vitabuni na ni hoja kamili. Ila Parfit angekuuliza: ukipenda mtu, unapenda nini, kama si namna alivyo?

#27 MwanaGede

Yeye. Mwalimu, mke wako akifa ukaletewa mwenye namna ileile, hutalia?

#28 Kasikazi

Nimerudi na fizikia, huenda ikatusaidia. Mwaka 1982 ilithibitishwa kwamba hali ya kikwanta isiyojulikana, yaani hali ya chembe ndogo kabisa kama atomu, haiwezi kunakiliwa ibaki mbili. Mwaka 1993 wanafizikia wakaonyesha kwamba inaweza *kuhamishwa*, na mwaka 1997 ikafanyika maabara kwa chembe za mwanga. Sharti lake ni kwamba hali ya kwanza inaharibika katika kuhamishwa. Kwa hiyo ile mashine ya pili ya Shela, inayokuacha hai na kukunakili kamili, maumbile yenyewe yanaikataa. Ile ya kwanza haikatazwi. Hakuna wawili, hakuna kesi ya Wakili.

#29 Daktari_wa_Kesho

Hiyo inafaa tu kama wewe unakaa katika hali ya kikwanta ya kila atomu. Ubongo una joto na una maji, na kila sekunde hali hizo zinavurugika nawe unabaki wewe. Nakala ya kutosha haihitaji usahihi huo. Inahitaji miunganiko ya neva. Minyoo C. elegans ina neva 302 na ramani yake ilichapishwa mwaka 1986. Ya ubongo wa nzi wa matunda aliyekomaa, neva kama 139,000, ilikamilika mwaka 2024. Binadamu ana kama bilioni 86. Mbali, lakini fizikia haijafunga mlango.

Na nawaulizeni hili. Badala ya mashine, tunabadilisha seli zako za neva moja moja kwa za kutengeneza, ukiwa macho, unazungumza na mkeo. Leo moja, kesho moja, hadi zote. Shela, unakufa kwa ya ngapi?

#30 Shela_Mchanga

Hapo sifi. Nikiwa macho muda wote, nazungumza, sioni mahali pa kufa.

#31 Kasikazi

Basi tuharakishe. Zote kwa mwezi. Zote kwa saa moja. Zote kwa sekunde. Hiyo ya mwisho ndiyo mashine yangu.

#32 Shela_Mchanga

Hapana. Ya mwisho hakuna wakati ambapo mpya na za zamani zilifanya kazi pamoja. Hakuna kupokezana. Kasi sio kitu kidogo.

#33 Fundi_Matondoni

Daktari, swali la kazi. Mkuku hatuubadilishi chombo kikiwa majini. Twakipandisha pwani, twakitia magogo, na muda ule wote hakiendi popote. Hizo neva zako unazibadilisha mtu akiwa majini, akisafiri. Huyo anayeshikilia ubavu wakati mbao haipo ni nani?

#34 Daktari_wa_Kesho

Zile zilizobaki, fundi.

#35 Fundi_Matondoni

Na ikibaki moja?